Muhammed Said Abdulla: Maneno Kama Ushahidi

Waulize wanaosoma Kiswahili hapa chuoni nani alianzisha riwaya ya upelelezi katika lugha yetu. Jina la Muhammed Said Abdulla litatoka haraka, maana limo kwenye nondo za mtihani. Sasa waulize alifanya nini hasa hadi akumbukwe. Hapo ndipo watu wanapoanza kuangalia simu zao.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alimaliza masomo mwaka 1938 akaajiriwa mkaguzi katika idara ya afya, yaani yule ambaye mtaani tunamwita bwana afya. Alidumu huko miaka kumi. Hebu fikiria kazi ya namna hiyo. Bwana afya anapiga hodi, mwenye nyumba anajua kabisa kilichomleta, na kabla hajaulizwa chochote keshaanza kujieleza kuhusu jirani.

Mwaka 1948 aliingia kwenye magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, na baadaye akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Magazeti haya hayakuwa ya kambi moja. Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu, wakati Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika, tena katika miaka ambayo siasa za Zanzibar zilikuwa zinapamba moto. Mtu aliyepita meza zote hizo hawezi kukosa kuona kwamba tukio moja linaweza kusimuliwa kwa namna mbili, na kila msimulizi akaapa kuwa ndivyo lilivyokuwa. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1968.

Umaarufu wake lakini haukutokana na habari za kilimo. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la mwaka 1957-58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake tukampata Bwana Msa, mpelelezi asiye polisi, mvuta kiko, na mwenzake Najum. Wahakiki wengi wamemuona Sherlock Holmes nyuma ya Bwana Msa na Watson nyuma ya Najum, na kufanana kupo kweli. Ila Holmes ni mtu wa London. Kumleta Unguja kulitaka zaidi ya kumbadilisha jina. Ilibidi ajifunze kuongea na watu wa Unguja.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo ufundi wa Abdulla. Pwani huingii nyumbani kwa mtu ukamuuliza moja kwa moja jana usiku alikuwa wapi. Kuna hodi, kuna salamu, kuna habari za watoto, kuna utani na mafumbo. Mwandishi mvivu angeyaona haya kama kizuizi, ayaruke ili afike kwenye swali. Abdulla aliyaacha wahusika waongee, na mazungumzo yakawa ndiyo upelelezi wenyewe. Kila mhusika anasema kwa kadiri ya umri wake, cheo chake na anachoogopa. Naye Najum ana kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Bila mtu wa kumuuliza, mpelelezi angefikiri kimyakimya na msomaji angeachwa nje ya mlango.

Tazama pia majina ya vitabu viwili vya mwanzo. Mzimu ni mahali pa kuogopwa, na Giningi inajulikana Unguja kwa habari za wachawi. Watu wakishakubali kwamba kifo kimeletwa na mzimu, hakuna wa kuuliza tena, na muuaji analala usingizi mzuri. Bwana Msa hakubali jibu hilo. Anasikiliza wanavyoutaja mzimu, halafu anatafuta mkono wa binadamu.

Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, miaka minane baada ya kitabu cha kwanza. Katikati hapo Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963 na mapinduzi Januari 1964. Baada ya kustaafu ndipo kalamu ikakimbia: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976), na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Sasa turudi kwetu. Hadithi nyingi za upelelezi tunazosomeana kwenye vimbweta zina ugonjwa mmoja: inspekta anauliza, mtuhumiwa anajibu swali lilelile, kwa sentensi kamili, kama yuko kwenye usaili wa kazi. Mtu mwenye siri hajibu hivyo. Ukimuuliza kuhusu saa, atakwambia kuhusu mvua. Anajibu swali ambalo hukumuuliza, na hapo ndipo anapojiuza.

Na sisi tunaokwenda kufundisha tuna deni zaidi. Tukifika darasani na kuandika ubaoni dhamira tano za kukariri, tutakuwa tumemfukia Abdulla mara ya pili. Wape wanafunzi sura moja waisome kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake. Halafu waulize nani anadanganya, na wamemgundua kwenye neno lipi. Wakianza kubishana, usiwakatize upesi. Mwanafunzi aliyezoea kupima maneno ya mtu hivyo hatadanganywa kirahisi akitoka shuleni.