Marc Chagall: Mkimbizi aliyeendelea kuchora kwao

Katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuna dirisha kubwa la vioo vya rangi, nyingi zikiwa za buluu. Liliwekwa mwaka 1964 kumkumbuka Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld na wenzake 15, waliofariki ndege yao ilipoanguka karibu na Ndola mwaka 1961, wakiwa katika juhudi za kusimamisha mapigano Katanga, nchini Kongo. Aliyelibuni dirisha hilo, Marc Chagall, aliwahi kuwa mkimbizi.

Chagall alizaliwa mwaka 1887 Vitebsk, mji ambao leo uko Belarusi lakini wakati huo ulikuwa chini ya Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na yeye alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake alibeba mapipa ya samaki wa chumvi ghalani. Mama yake aliuza vyakula katika duka dogo.

Shida ya karatasi ilianza mapema. Alipokwenda St. Petersburg kusomea uchoraji, Myahudi hakuruhusiwa kuishi huko bila kibali maalumu. Kuna wakati alikamatwa na kuwekwa ndani kwa kukosa kibali, katika nchi aliyozaliwa.

Mwaka 1911 alifika Paris, na Kifaransa kilimsumbua. Aliishi katika jengo lililoitwa La Ruche, yaani mzinga wa nyuki, pamoja na wasanii wengine maskini, wengi wao wageni kama yeye. Wachoraji wa Paris wakati huo walikuwa na mtindo mpya: kitu kimoja walikigawa vipande na kukionyesha kutoka pande nyingi kwa pamoja. Mara nyingi walichora magitaa, chupa na meza.

Chagall alijifunza mbinu hiyo, lakini akaitumia kuchora kwao. Katika picha yake ya mwaka 1911 iitwayo Mimi na Kijiji, mtu mwenye uso wa kijani anatazamana na ng'ombe. Kwenye shavu la ng'ombe kuna mwanamke anayekamua maziwa, na nyuma yao baadhi ya nyumba zimepinduka juu chini. Mbinu ilikuwa ya Paris, ila ng'ombe alitoka Vitebsk.

Mwaka 1914 alirudi nyumbani akikusudia kukaa muda mfupi, lakini Vita Kuu ya Kwanza vikafunga njia. Mwaka 1915 alimwoa Bella Rosenfeld, na wakapata binti, Ida. Baada ya mapinduzi ya 1917 alianzisha chuo cha sanaa mjini kwao, lakini alitofautiana na walimu wenzake kuhusu mtindo wa kufundisha, akaondoka. Mwaka 1922 aliiacha Urusi. Berlin alikuta picha alizoziacha kabla ya vita zimeshauzwa, na fedha za mauzo hayo zimepoteza thamani. Akaenda Paris kuanza upya.

Alipewa uraia wa Ufaransa mwaka 1937. Ujerumani ilipoivamia nchi hiyo, serikali ya Vichy iliwavua uraia Wayahudi wengi waliohamia, naye akiwemo. Mmarekani Varian Fry, aliyekuwa Marseille akiwasaidia wasanii na waandishi kutoroka, alimsaidia kuondoka. Juni 1941 alifika New York.

Huko alipata usalama, lakini habari za kwao zilikuwa nzito. Vita viliibomoa Vitebsk, na Wayahudi waliobaki humo waliuawa. Septemba 1944 Bella naye akafariki kwa ugonjwa. Kwa miezi kadhaa Chagall hakushika brashi. Aliporudi kazini, alichora tena maharusi, wapiga fidla na paa za mji ambao haukuwapo tena.

Mwaka 1948 alirudi Ufaransa. Alipopewa kazi ya kuchora dari la jumba la Opera la Paris, wapo waliolalamika kwamba michoro ya kisasa haifai katika jumba la kale. Aliimaliza mwaka 1964 bila kudai malipo, na hadi leo wageni huinua vichwa kuitazama. Alifariki Machi 1985, akiwa na miaka 97.

Kama wewe ni mchoraji, mfumaji au mwimbaji katika makazi ya wakimbizi, huenda umeshaambiwa utengeneze kile wanachonunua wengine. Maisha ya Chagall hayakuambii ukatae. Yeye alijifunza kwa wenyeji kila alichoweza, na wenyeji ndio waliompa nafasi ya kufanya kazi. Lakini alichokileta mwenyewe ni mambo aliyoyajua tangu utotoni: ng'ombe, fidla, paa za mbao. Mji aliokulia uliteketea. Anayetaka kuuona leo huutazama katika picha zake.