LOUIS PASTEUR NA KUKU ZILIZOKATAA KUFA



Jina la Pasteur tunalisikia ndani ya somo la biolojia. Tunaliandika mu daftari, tunalijibu kwa mutihani, kisha tunalisahau. Lakini ni wangapi kati yetu wanajua kwamba chanjo yake ya kwanza ilitoka mu banda la kuku?

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika Dole, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, na zamani askari wa Napoleon. Katika ujana wake, watu walimujua zaidi juu ya kuchora sura za watu. Mwaka 1838 alitumwa kusoma Paris. Kule alishikwa na hamu ya kwao mpaka baba akaenda kumurudisha. Ninyi munaolala hapa internat munaelewa! Mwaka 1842 alikubaliwa katika shule kubwa ya Paris, lakini nafasi yake ilikuwa ya chini. Hakuridhika. Alirudilia mutihani, na mwaka 1843 akaingia kati ya wa kwanza.

Mwaka 1849 alioa Marie Laurent. Walizaa watoto 5, lakini wasichana 3 walikufa wakingali wadogo, 2 kati yao kwa tifoide. Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, damu ilivuja ndani ya ubongo, upande wake wa kushoto ukalegea. Watu wengi walizani kazi yake imekwisha. Kumbe ile kubwa ilikuwa ingali mbele.

Mwisho wa mwaka 1878, Toussaint, mwalimu wa shule ya waganga wa nyama huko Toulouse, alimutumia kichwa ya jogoo iliyokufa kwa kolera ya kuku. Ugonjwa ule ulikuwa unamaliza mabanda. Kuku ilikuwa inakosa nguvu, mabawa yanaanguka, manyoya yanasimama, inasinzia, kisha inakufa palepale bila kupiga kelele. Pasteur aliotesha mikrobi yake ndani ya supu ya kuku. Tone dogo la supu ile lilitosha kuua. Aliweka mikrobi ndani ya chakula pia, kuku zikala, zikafa. Mavi yao ilikuwa imejaa mikrobi ileile. Sasa njia ya ugonjwa ikajulikana: kutoka mavi mpaka chakula, kutoka chakula mpaka kuku ingine.

Kisha akajaribu kobayi, wale wanyama wadogo ambao kwetu wengi wanawafuga jikoni. Kobayi alipata jipu tu, akaendelea kula vizuri. Lakini usaha wa lile jipu, kuku ikiula, inakufa. Ni kusema mnyama anaweza kuonekana muzima na huku anabeba kifo cha wengine.

Mwaka 1879 aliona jambo ingine. Kuku zilizopigwa shindano la mikrobi iliyozeeka ziligonjwa kidogo, zikapona. Nyuma ya pale zikapigwa mikrobi mipya yenye nguvu: hazikufa. Kuku zingine, zisizopata ile ya kwanza, zilikufa. Watu wengi wanasimulia kwamba ilikuwa bahati tu, supu iliyosahauliwa wakati wa likizo. Lakini madaftari yake ya labo yanaonyesha kazi ya miezi mingi, na musaidizi wake Émile Roux alikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Mwezi wa pili 1880 Pasteur alitangaza habari ile mbele ya wataalamu wa Paris. Mwezi wa kumi akaeleza kwamba ni hewa iliyopunguza nguvu ya mikrobi.

Chanjo ile ya kuku haikuwa kamili. Lakini ilifungua njia. Mwaka 1881, kule Pouilly-le-Fort, alikinga kondoo na kimeta mbele ya watu wengi. Mwaka 1885 alimutibu Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa mwenye kichaa, naye akapona. Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895. Mikrobi ya kolera ya kuku imepewa jina lake: Pasteurella.

Juu ya nini ninawasimulia haya? Kwa sababu ya desturi yetu moja. Ugonjwa ukipita mu banda, kuku moja ikapona, tunaisifu kwamba ni ngumu, tunaiweka itage na iangue, tena tunaichanganya na kuku mupya kutoka soko. Si kila kifo cha kuku ni kolera, magonjwa mengine yanatoka kwa virusi. Lakini kama ni kolera, ile iliyopona inaweza kubaki na mikrobi ndani ya pua na koo, na kuitoa kwa wengine siku nyingi. Tunazani tumechagua mama wa banda, kumbe tumechagua mwenye kulimaliza.

Basi, kuku mupya ikae peke yake kwanza. Iliyopona isiwe ya kuzalisha. Mavi isifike kwa chakula wala kwa maji. Tukienda likizo, tuwaelezee wazazi kwa heshima, maana ndani ya banda lile ndimo minervali yetu inatoka.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita