"Karamojo" Bell na ganda dogo la risasi

Mkazi wa Shanzu anapovuka daraja la Nyali na kufika Mapembeni, hupita chini ya pembe za bati ambazo hazikuwahi kuota kinywani mwa tembo. Pembe za kweli zilipakiwa melini Mombasa kwa vizazi vingi, na ni katika mji huo alikotua, mwaka 1897, kijana wa Kiskoti aliyekuja kujulikana kama "Karamojo".

Walter Dalrymple Maitland Bell alizaliwa mwaka 1880, akawa yatima angali mtoto. Kazi yake ya kwanza huku ilikuwa kuwalinda wajenzi wa Reli ya Uganda dhidi ya simba. Alikuwa na bunduki ya .303 iliyopakiwa risasi moja moja. Jua lilipokuwa kali, ganda lililokwisha kufyatuliwa lilinasa ndani na likakataa kutoka. Mbele ya simba, hilo si jambo dogo.

Aliondoka, akatafuta dhahabu Klondike, akapigana Vita vya Makaburu, kisha mwaka 1902 akarejea na kuelekea Karamoja. Wakati huo wawindaji wengi walibeba bunduki nzito zenye risasi kubwa. Yeye alipendelea .275 ya Rigby, ambayo kwa Wajerumani ni 7x57, yenye risasi ndefu ya gramu 11 tu.

Ganda la risasi hiyo lina umbo la chupa. Pale mwili unapopungua kuwa shingo pana mteremko, nao mafundi huuita bega. Kwa kuwa ganda hilo halina ukingo kitakoni, bega ndilo linalolizuia lisizame kupita kiasi ndani ya bunduki. Bega lililosimama huzuia vyema, lakini lililolala huteleza kwa wepesi zaidi kutoka kwenye magazini. Rigby walipotoa .416 mwaka 1911 waliipa bega la nyuzi 45; Holland & Holland, mwaka uliofuata, waliipa .375 yao nyuzi 15 hivi, wakaiachia pete ya kitakoni kazi ya kuzuia. Ganda la Bell lilikuwa katikati, kama nyuzi 20. Hakulibuni yeye, lilikuwapo tangu mwaka 1892. Alichotaka ni ganda linaloingia, linalolipuka na linalotoka kila mara, na bunduki nyingine alizozijaribu aliziacha kwa sababu risasi zake hazikuaminika.

Hata hivyo, ganda peke yake halikuua. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulikaa wapi. Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo 1,011, wengi wao kwa bunduki hiyo ndogo. Mafundi wa bunduki wanamsifu hadi leo kwa ustadi huo. Mimi naona vigumu kuisoma hesabu hiyo bila kuwaza makundi yaliyobaki bila madume yao wakubwa.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa rubani wa kivita Afrika Mashariki. Kitabu chake cha uwindaji kilitoka mwaka 1923. Uzeeni aliwinda kulungu milimani Uskoti, akafariki mwaka 1954. Miaka minane baadaye bonde la Kidepo, huko huko Karamoja, lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa tembo mwaka 1973, na uwindaji wote wa burudani mwaka 1977.