Sayyid Barghash bin Said na Reale ya Jina Lake

Sayyid Barghash bin Said bin Sultan ni katika watawala wa pwani yetu wanaotajwa sana. Watu humkumbuka kwa maji aliyoyaleta mjini Unguja na kwa jumba la Beit el-Ajaib. Wachache ndio wanaojua kwamba yeye pia alipiga sarafu ya fedha yenye jina lake, akitaka isimame mahali pa sarafu za kigeni zilizotawala masoko yake. Tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa ndugu zetu wa Pumwani, Kaloleni, Eastleigh na mitaa iliyo jirani, kwani katika khabari zake mna mafunzo kwa kila mwenye kushika pesa na asijue nguvu yake yatoka wapi.

Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, naye ni mwana wa Sayyid Said bin Sultan. Babake alipofariki mwaka 1856 ufalme ulishikwa na nduguye, Sayyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliinuka kumpinga akisaidiwa na Waarabu wa kabila la Harthi, na umbu lake Bibi Salme alimwandikia barua zake. Wakajifungia katika shamba la Marseilles, lakini askari wa Majid na mabaharia wa Kiingereza waliwashinda. Barghash akahamishwa Bombay, akakaa huko kiasi cha miaka miwili. Huko aliuona mji wenye viwanda, reli na mitambo ya chapa, na pia aliona jinsi Mwingereza anavyotawala watu wengi kwa njia ya biashara na hazina.

Majid alipofariki mwezi wa Oktoba 1870, Barghash alitawazwa. Alirithi ufalme wenye madeni. Forodha, iliyokuwa chemchemi ya mapato yote, haikuwa mkononi mwa mfalme. Ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, na mwaka 1876 ikaingia kwa Taria Topan. Mwenye kukodi hutoa fedha mbele, naye hujilipa kwa ushuru. Kwa hivyo mfalme alikuwa kama mtu aliyekula mavuno kabla ya kupanda. Kisha mwezi wa Aprili 1872 ikavuma tufani iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja merikebu zake. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, chini ya tishio la manowari za Kiingereza na kwa shauri la Balozi John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Jambo hilo lilikuwa haki, ingawa yeye alilifanya kwa kulazimishwa.

Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akaona London na viwanda vyake. Aliporudi alishika kazi kwa bidii. Alivuta maji ya Chemchem kwa mifereji hadi mjini, watu wakateka bila ya malipo. Alinunua meli za moshi zilizoshindana na meli za wageni kuleta bidhaa kutoka Bara Hindi. Aliweka mtambo wa chapa, vikatoka vitabu vya fikihi ya Kiibadhi. Mwaka 1883 Beit el-Ajaib lilikamilika, jumba ambalo upande wake uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Ama khabari ya sarafu ni hii. Katika zama zake biashara ya Unguja ilihesabiwa kwa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyekufa mwaka 1780. Sarafu hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu tano kati ya sita zilikuwa fedha halisi. Iliendelea kupigwa miaka mingi baada ya kifo chake ikiwa na sura yake na mwaka ule ule wa 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi waliizoea na kuikataa iliyobadilika. Kando yake ilikuwako rupia ya Bara Hindi, na chini yake paisa ya shaba, ambayo ndiyo asili ya neno letu pesa.

Mwaka wa 1299 wa Hijra, yaani 1882 kwa kukaribia, Barghash alitoa reale yake. Ilikuwa ya fedha, na ukubwa wake ulikaribia reale ile iliyozoeleka ili isikatae mkononi. Haikuwa na sura ya mtu. Pande zote mbili zilijaa maandishi ya Kiarabu: jina lake, na mwaka wa Hijra. Zilipigwa pia chache za dhahabu. Paisa zake za shaba, za mwaka ule na za 1304, zilichorwa mizani, alama ya uadilifu ambayo kila mchuuzi aliielewa bila ya kusoma.

Paisa zilienea mno, lakini reale ya fedha haikuenea. Sababu si ubaya wa fedha yake. Tajiri wa Unguja aliyeuza karafuu au pembe alikuwa na deni Bombay, na Bombay walitaka rupia. Mfalme hakuwa na benki, wala forodha yake haikuwa huru. Tena reale zake zilikuwa chache. Aliyeipata aliipima kwa uzito wa fedha yake tu, wala hakuona faida ya kuihesabu kwa jina la mfalme. Rupia ikazidi kushika soko, na reale ya Barghash ikawa kitu cha kuwekwa akiba.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya huzuni. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba yake katika bara ni ukanda wa maili kumi tu. Tarehe 24 Mei 1887 alilikodisha eneo la pwani kati ya Umba na Kipini kwa kampuni ya William Mackinnon, pamoja na forodha yake. Alifariki Machi 1888. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilitoa rupia ya fedha yenye jina lake na jina la Mombasa, iliyopigwa na kiwanda cha Heaton huko Birmingham. Kampuni ya wafanyabiashara ikawa na sarafu katika nchi aliyoishindwa mfalme! Nayo haikudumu, kwani mwaka 1895 iliiachia serikali ya Kiingereza nchi.

Si haki kumsifu mtu na kuficha aibu yake. Barghash alikuwa mkali kwa waliohitilafiana naye. Alimfunga Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, mwanachuoni wa Kisuni, akabaki kifungoni hadi Sayyid Khalifa aliposhika ufalme na kumwachia. Mwana wa Sheikh huyo ndiye Sheikh al-Amin bin Ali, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932. Mfalme aliyeleta mtambo wa chapa alimfunga mwenye hoja. Maji yake yalikuwa bure, lakini rai haikuwa bure.

Wazee wetu waliokaa kijiji cha Pangani hapa Nairobi, kabla hakijabomolewa mwaka 1939, waliona rupia ikiondolewa baada ya 1920, na shilingi ya 1921 ikija na robo tu ya fedha ndani yake. Hawakuulizwa. Na leo wako Waislamu wanaotaka turudie dirham ya fedha. Jimbo la Kelantan nchini Malaysia lilitoa dinari na dirham mwaka 2010, na serikali kuu ikasema si sarafu halali ya nchi. Nia hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mwenye kuitaka na aisome reale ya Barghash. Fedha yake ilikuwa safi na maandishi yake yalikuwa mazuri, ila nyuma yake hapakuwa na soko linaloihitaji wala hazina isiyo na deni. Basi tuanze kwa kupunguza madeni yetu, kutimiza mizani na kuuziana kwa uaminifu. Hayo yakisimama, sarafu yoyote itatufaa. Yakianguka, hata fedha tupu haitatuokoa.