Rebmann alibaki Rabai

Wengi wetu tunamjua Johannes Rebmann kwa jambo moja: Mei 11, 1848 aliuona Mlima Kilimanjaro na kuandika kwamba kileleni kuna theluji. Msomi mmoja wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akampinga vikali. Shuleni habari zake huishia hapo. Mimi naona imani yake ilipimwa zaidi baadaye, wakati hakukuwa tena na mlima wa kuugundua.

Alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, Ujerumani, akafika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf. Miaka miwili nyuma Krapf alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga papo hapo pwani, kwa hiyo Rebmann alijua anakoingia. Siku walipopanda kuhamia Rabai, wote wawili walikuwa na homa.

Uchagani alikwenda mara tatu. Safari ya mwisho, mwaka 1849, mtawala wa Machame, Mamkinga, alimmalizia vitu vyote alivyotegemea kuendea Unyamwezi. Akarudi mikono mitupu.

Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya, afya yake imedhoofika. Rebmann akabaki na mkewe, Emma. Mtoto wao wa kiume aliishi siku chache tu. Mwaka 1866 Emma naye akafariki. Hapo, ndugu yangu, mtu angefunga mizigo na asingelaumiwa na yeyote. Yeye alikaa miaka tisa mingine. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kwa hesabu tunazosomeana kwenye mikutano ya kanisa, ungesema huduma ile imeshindwa. Macho nayo yakaanza kufifia.

Aliendelea na alichokuwa nacho: ibada na waamini wale wachache, na maneno. Alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Alikusanya maneno ya Kimijikenda, na ya Kinyanja pia, ambayo alifundishwa na Salimini, mtu wa upande wa Ziwa Nyasa aliyeletwa pwani utumwani. Ni kazi ya kuuliza neno, kuandika, kufuta, kuuliza tena. Haipigiwi makofi ibadani. Nadhani mara nyingi tukisema Mungu amenyamaza, tunamaanisha tu kwamba matunda hayajaonekana. Rebmann hakuyachanganya mambo hayo mawili.

Sir Bartle Frere alipofika Rabai mwaka 1873, alimkuta mtu wa miaka 53 aliye karibu kipofu, bado yuko kazini.

Mwaka 1875, baada ya takriban miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, alipanda meli. Aliyemwongoza njiani ni Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mtoto wa mmoja wa wale waamini wa mwanzo. Rebmann akakaa Korntal, jirani na rafiki yake Krapf, akafariki Oktoba 4, 1876. Mwaka uliofuata Krapf aliichapisha ile kamusi ya Kinyanja.