Al-Zahrawi na mguu uliokazwa

Nikisikia vijana wetu wakidhani upasuaji ulianzia Ulaya ya Wakristo, humkumbuka Abul-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki mnamo 1013. Kitabu chake, Al-Tasrif, kina sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, ikiwemo tiba ya mifupa iliyovunjika. Humo anamsimulia tabibu mjinga aliyeukaza kwa bendeji na mabanzi mguu uliovunjika na wenye jeraha, jeraha likakosa hewa. Al-Zahrawi alipoitwa aliufungua haraka, lakini ulikuwa umekwisha kuoza, mgonjwa akafa. Ndiyo maana alisisitiza tabibu ausome kwanza mwili. Ndugu msomaji, hata leo bendeji iliyokazwa mno huzuia damu na kuua kiungo. Kujivunia jina la al-Zahrawi hakutoshi kama hatusomi.