Agnes Pockels, mwanasayansi wa jikoni

Agnes Pockels alizaliwa mwaka wa 1862, akakomaa Braunschweig, Ujerumani. Wakati ule wanamuke hawakuruhusiwa kuingia iniversite. Alibakia nyumbani kutunza wazazi wagonjwa. Akiosha sahani, aliona namna mafuta na sabuni vinabadilisha uso wa maji. Akatengeneza beseni ya bati ya kupima ile nguvu. Mwaka wa 1891 aliandikia Lord Rayleigh wa Uingereza. Huyu akaomba gazeti Nature litoe barua, na ikatoka. Leo, wenye kutengeneza sabuni za kutoa protini ndani ya ngozi ya seli bila kuziharibu, wangali wanapima nguvu ileile. Udokta wa heshima ulimufikia mwaka wa 1932, alikufa 1935. Mutumikaji anajuaka kazi; cheti njo kinachelewaka.